Mwalimu Aliyetutaka Tuiharibu Kazi Yake

Habari ya kifo cha mwalimu wangu wa kompyuta niliipata asubuhi sokoni Soweto, hapa Mbeya, mkono wangu mmoja ukiwa ndani ya gunia la maharage. Simu iliita, sauti ya mwanamke nisiyemfahamu ikaniambia kwamba mwalimu amefia Iringa, nyumbani kwa ndugu zake, na atazikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri. Niliacha maharage nikapanda basi. Nilijua sitawahi, maana Waislamu hawamkawizi maiti wao, na barabara ya kutoka Mbeya kwenda Iringa haijali kama una msiba au una harusi. Nilipofika, wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini na walikuwa uani wakinawa udongo miguuni. Niliingia ndani kwa wanawake, nikakaa mkekani. Dada yake mkubwa alinitazama kwanza, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe ndiye yule wa gazetini?"

"Ndiye mimi, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Alikuwa akikusema."

"Akinisemaje?"

"Anasema una kichwa kigumu kama kisiki cha mkaratusi. Lakini ukishika kitu, huachii."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka ndani ya mitandio yao, kile kicheko cha msibani kinachotoka kwa mlango wa nyuma. Nami nikacheka, halafu nikalia. Yalikuwa maneno ya kweli pekee niliyoyasikia juu yake wiki ile nzima. Katika kundi letu la simu, lile la waliowahi kusoma kwake, tayari zilikuwa zimejaa sifa za mtu mwingine kabisa. Eti alikuwa mpole. Eti alikuwa mvumilivu, mcheshi, mama wa wote. Watu walimbandikia picha za mishumaa na misalaba, mwanamke aliyekuwa hakosi swala, kwa sababu picha hizo ndizo zilizokuwa karibu na kidole. Na mabwana wa ile kamati, ambao habari zao nitawaeleza hivi punde, waliandika kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kweli, si mwisho. Lakini aliyevunja koleo hana haki ya kuutumia msemo huo.

Basi niseme alivyokuwa. Hakuwa mpole. Alikuwa na digrii mbili na hakutuacha tuzisahau. Alizaliwa Iringa mjini katika nyumba ya wafanyabiashara ambao mababu zao walipanda milima hii kutoka pwani wakiwa na vitambaa na chumvi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine, tuliojifunzia lugha hiyo shuleni baada ya Kihehe au Kinyakyusa, tulikuwa tukifungua mdomo mbele yake kama watu wanaovuka mto kwa mawe yanayoteleza. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mama mmoja aliyekuja kujifunza ili aandike kumbukumbu za kwaya yao aliondoka akilia na hakurudi tena, na mwalimu hakwenda kumwomba radhi. Hilo silifichi, wala sidhani angependa nilifiche. Alidharau watu wengi. Ninachotaka kusema leo ni kwamba alichokidharau zaidi kilistahili kudharauliwa.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii nilikuwa nikiiandika kwa kalamu. Niliishia darasa la saba. Wazazi wetu walipofariki, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikabaki barabarani Ilula na ndoo za nyanya, nikikimbilia madirisha ya mabasi ili wadogo zangu waendelee na shule kule Tosamaganga. Wamesoma, wana kazi zao, na wananisahihisha Kiingereza changu. Kila kitu nilichokipata miaka ile nilikipata kwa ajili yao. Safu hii ndiyo kitu cha kwanza nilichokipata kwa ajili yangu mwenyewe. Nilikuwa ninaandika kwenye karatasi, ninapiga picha kwa simu, ninatuma, na huko gazetini kuna mtu alikuwa akinichapia. Siku moja mhariri alinipigia simu. "Dada, mambo ya picha za karatasi yameisha," alisema. "Mchapaji ameondoka na hatuajiri mwingine. Mvua zikikatika nataka makala yako ije imeandikwa kwenye kompyuta, la sivyo ile nafasi itabidi tumpe mtu mwingine." Nilimuuliza ni nani huyo mwingine. Akasema wapo wengi. Hilo ndilo lililonipeleka darasani, si kiu ya maarifa. Nilikuwa karibu kupokonywa kitu changu.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, lenye kompyuta chakavu zilizotolewa na mradi mmoja uliokuwa ukisimamia madarasa ya namna ile Mbeya na Iringa. Mashine zile hazikuweza kubeba programu nzito. Tulifundishwa programu ya bure ya kuandikia, nyepesi, isiyo na mapambo, ambayo mambo yote unayafanya kwa vidole kwenye kibodi. Ndani yake kuna somo la mtu anayeanza. Somo hilo halisomwi kama kitabu. Ni ukurasa uliowekewa makosa kwa makusudi: unaambiwa futa neno hili, hamisha mstari ule, na unafanya hivyo palepale, ndani ya ukurasa wa somo lenyewe, kama fundi cherehani anayejifunza kwa kulifumua gauni alilovaa. Ni wazo zuri sana. Kamati ya mradi ilikuwa imelitafsiri kwa Kiswahili, na hapo ndipo wazo zuri lilipofia.

Ukurasa wa kwanza ulianza na neno "Hongera!" Ulikupongeza kwa uamuzi wako wa busara. Wa pili ulikueleza historia ya programu hiyo na faida zake kwa maendeleo. Wa tatu ulikuwa na malengo ya somo, ambayo yalisema kwamba mwishoni mwa somo hili utakuwa umefikia malengo ya somo hili. Baadaye sana ndipo yalipokuja mazoezi, na zoezi la kwanza lilimhusu bwana mmoja aliyekuwa akizoa theluji kwa koleo mbele ya mlango wake. Upande wangu alikaa mzee wa Kinyakyusa, mkulima wa viazi kutoka pande za Rungwe, mwenyekiti wa chama chao cha wakulima. Alisoma kuhusu theluji, akavua kofia, akasoma tena.

"Dada," aliniuliza kwa sauti ya chini, "huyu bwana amepatwa na nini?"

"Mlango wake umezibwa na barafu, baba."

"Sasa sisi tunamsaidiaje?"

Hatukumsaidia. Tulifanya kile ambacho kila mtu aliyepita shule zetu angekifanya. Tulitoa madaftari, tukapiga mstari wa pembeni kwa kalamu nyekundu, tukaanza kunakili. Darasa zima. Tuliyanakili maneno ya hongera, tukanakili historia na malengo, tukamnakili na bwana wa theluji pamoja na makosa yake yote tuliyoambiwa tuyafute. Mbele yako kuna maandishi ya mwalimu. Maandishi ya mwalimu hayaguswi, yananakiliwa. Tulifundishwa hivyo kwa fimbo. Mwalimu aliingia akatukuta tumeinama, kimya, kalamu zinakwaruza, kibodi zimesukumwa mbele ili madaftari yapate nafasi. Alisimama mlangoni.

"Nyie mnafanya nini?"

"Tunaandika notisi, mwalimu," alijibu mzee wa viazi kwa fahari.

"Umefuta neno lolote?"

"Hapana mwalimu. Sijagusa kitu."

"Kwa nini?"

"Nisije nikaharibu kazi yako."

"Iharibu!" alisema, na watu wa dukani chini walisikia. "Imeletwa hapa iharibiwe. Mikono ya kuchimba viazi unayo, ya kubonyeza kitufe huna? Funga hilo daftari kabla sijalitumia kufungia mandazi."

Tulifunga. Lakini kuambiwa usiogope hakujawahi kumwondolea mtu woga. Tulikaa mikono mapajani, tukitazama skrini kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Na aliyethubutu aliadhibiwa na somo lenyewe. Mzee wa viazi alibonyeza kitu, nusu ya ukurasa ikatoweka. Namna ya kurudisha ulichokifuta iliwekwa karibu na mwisho wa somo, na namna ya kutoka kwenye programu iliwekwa baada ya hapo, pale ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mzee alitoka jasho. Mwisho alisimama kwa heshima zote, akaenda ukutani, akachomoa waya. Mwalimu hakumgombeza. Alimtazama, kisha akautazama waya.

Kuanzia siku hiyo aliacha kusimama mbele. Alivuta kiti akakaa nyuma yetu, haelezi, hasaidii, anaangalia tu mikono inasimama wapi. Ukigeuka kumuuliza, anasema, "Mimi sipo." Ilikuwa inakera. Kwa vipindi kadhaa hatukusonga hata kidogo, mvua zikawa zinapungua, na mhariri wangu akatuma ujumbe kuuliza ninaendeleaje. Nilimjibu kwa karatasi iliyopigwa picha. Rafiki zangu wakanishauri nimlipe mtu wa steshenari anichapie makala, niwe ninazituma kama nimezichapa mimi. Nilikataa. Nimewahi kushikiwa mambo yangu na watu, najua yanarudije.

Siku moja wakati wa chai, mzee wa viazi alikuwa akisoma kwenye simu yake tangazo la msiba wa jirani yao, akaruka kama aliyemwagiwa maji. Watoto wa marehemu walikuwa wametajwa ovyo. Kitinda mimba alikuwa juu, kifungua mimba alikuwa katikati, na mkwe alikuwa ametangulia mbele ya watoto wa kuzaliwa. "Hii familia imelaaniwa au imelewa?" alifoka. Darasa zima likamzunguka. Mmoja alisema kwao tangazo la namna hiyo lingevunja msiba. Mwingine alisema kwao walishawahi kuacha chakula kikapoa wakibishana nani asomwe wa kwanza. Watu ambao muda mfupi kabla walikuwa wamekaa kama magunia, sasa walikuwa wanapokonyana simu ili waonyeshe kosa. Mwalimu alikuwa dirishani na kikombe chake. Alimalizia chai na kutuacha na maganda ya karanga mezani.

Kipindi kilichofuata, tulipofungua somo, hapakuwa na hongera. Historia ilikuwa imeondoka, na bwana wa theluji amekwenda kwao. Juu kabisa, kabla ya kitu chochote, palikuwa na maneno machache yaliyokueleza kitufe cha kurudisha ulichokiharibu na namna ya kutoka ukichoka. Chini yake lilikuwa tangazo la kifo cha mzee wa kubuni wa milima hii, na mwalimu alikuwa amelivuruga kwa ufundi mkubwa. Mjane alikuwa chini ya majirani. Kitinda mimba alikuwa kileleni. Binti wa kwanza, aliyewalea wenzake, alikuwa amewekwa mwisho kabisa, baada ya wakwe, baada ya mwenye nyumba. Kisha mstari mmoja: "Tangazo hili linakwenda redioni mchana huu. Mstari unainuliwa hivi, unawekwa hivi. Kazi kwako."

Hakuna aliyetoa daftari. Mzee wa viazi alisema "Haiwezekani!" akashika kibodi kwa mikono miwili kama anayeshika usukani. Mimi nilikuwa namtazama yule binti wa kwanza chini ya mwenye nyumba. Wazazi wetu walipozikwa, wajomba na baba wadogo walisomwa kwa majina na vyeo. Sisi tulisomwa "na watoto". Nilikuwa nimekaa na hilo tangu wakati huo na sikujua kama bado lipo. Kidole changu kilibonyeza, mstari ukapotea. Nikabonyeza cha kurudisha, ukarudi. Nikaupoteza tena kwa makusudi, nikapanda juu, nikauweka chini ya mjane, mahali pake.

"Mwalimu," niliita bila kugeuka, "na hili jina la mwenye nyumba nalifutaje lote kwa pamoja?"

"Leo ndiyo umeuliza swali," alinijibu kutoka nyuma. "Siku zote ulikuwa unanitazama kama abiria anayesubiri basi."

Yule mzee alipomaliza alisoma tangazo lake kwa sauti, amesimama, tena kwa huzuni kabisa, na akamwambia mwalimu, "Ndaga fijo, mama," ambayo kwa lugha yao ni asante sana. Mwalimu akamwambia akae chini, amemsahau mtoto mmoja.

Baada ya hapo aliendelea kulitengeneza somo kila wiki, na utengenezaji wake wote ulikuwa wa kuondoa. Aliondoa kila pongezi iliyobaki. "Mtu amezika wazazi, amesomesha wadogo zake, halafu mashine inampigia makofi kwa kubonyeza herufi," alisema. "Hayo ni matusi." Mahali tulipokwama aliweka mzozo mwingine tusioweza kuuvumilia: ratiba ya harusi ambamo mjomba hana zamu ya kusema, taarifa ya kijiji inayogawa shamba la mtu aliye hai. Mvua zilipokatika nilituma makala yangu ya kwanza niliyoiandika kwa vidole vyangu, na mhariri akaniuliza ni nani aliyenichapia. Nafasi ilibaki yangu.

Sasa niwaeleze habari za kamati. Walisikia kwamba Mbeya kuna mtu anabadilisha somo, wakaitisha kikao Iringa cha kuboresha somo kwa njia shirikishi. Mwalimu alinichukua nikawe shahidi. Nimeuza nyanya mbovu na nzuri maisha yangu yote, nikadhani najua watu wanavyoweza kupanga nzuri juu na mbovu chini, lakini sikuwa nimewahi kukaa kwenye kikao cha kuboresha. Asubuhi nzima ilikwenda kwa utambulisho. Kisha mapendekezo yakaanza, na kila mmoja aliyesimama alikuwa na kitu cha kuongeza. Mmoja alitaka salamu za mgeni rasmi zitangulie. Mwingine alitaka nembo za wadau. Mwingine, aliyekuwa anasinzia, aliamka akataka wasifu wa waliolitafsiri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa nyuma ya mtu anayejifunza. Nilijua hivyo kwa sababu mwalimu aliwauliza, nao wakaandika swali lake kwenye ubao wa karatasi wakalizungushia duara.

"Mama, kazi yako tunaithamini," alisema mwenyekiti, bwana mwenye tai pana. "Ila tangazo la msiba si mfano wa kujenga. Linaleta huzuni."

"Linaleta hasira," mwalimu alimjibu. "Huzuni ni hiyo theluji yenu."

"Lakini mwanafunzi ni lazima aelewe dhana kwanza, ndipo aende kwenye vitendo."

"Mwanao alielewa kwanza dhana ya kunyonya?"

Ukumbi ulicheka, mwenyekiti naye akacheka, na hapo nikajua tumeshindwa. Mtu wa namna ile ukimkasirisha unaweza kumshinda. Akicheka, ujue ameshakuweka kwenye kumbukumbu za kikao kama kichekesho. Waliniuliza mimi kama mnufaika nina maoni gani. Nikasema somo la zamani lilinifanya mjinga, la mwalimu limenifanya nifanye kazi, basi walipitishe la mwalimu. Wakanishukuru kwa mchango wangu mzuri. Chai ikaja. Somo lililopitishwa lilikuwa lile la hongera, limeongezewa salamu, nembo na malengo mahususi chini ya malengo ya jumla. Mwalimu alirudi Mbeya na kuendelea kufundisha lake, bila kuomba ruhusa, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomlemea, ndugu zake wakaja kumchukua.

Nimefikiri sana kwa nini watu hawa wapo kila mahali, maana si kwenye kompyuta tu. Nimewaona kwenye mafunzo ya kilimo, ambako siku nzima mkulima anaelezwa umuhimu wa kilimo. Nimewaona kwenye mafunzo ya wajasiriamali, ambako mwanamke aliyekuwa akiuza tangu saa kumi na mbili asubuhi anafundishwa maana ya neno mteja. Sidhani kwamba ni wabaya. Ni watu ambao waliwahi kusifiwa kwa madaftari safi na hawajawahi kupona. Kwao kujua ni kuwa na maandishi ya kutosha mbele yako, na kuboresha ni kuongeza mengine. Somo linaloishia mikononi mwa mwanafunzi, ambalo yeye analipasua na kulipanga upya, wanaliona kama aibu, kwa sababu mwisho wake jina la mwandishi halionekani popote. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawa wanauficha uchi wa mwanafunzi kwa niaba yake. Wanamvisha utangulizi juu ya utangulizi, asije akakosea mbele ya watu, na kwa hiyo asije akajua kitu.

Niliporudi kutoka msibani nilipita darasani. Somo lililopitishwa lilikuwa limewekwa kwenye mashine zote. Mwalimu aliyepokea darasa ni kijana mstaarabu, amevaa shati lililopigwa pasi, hana kosa. Wanafunzi wapya walikuwa wameinama, kibodi zimesukumwa mbele. Nilikaa karibu na dada mmoja mwenye kibanda cha mitumba hapa Soweto, anayetaka kuandikia wateja wake matangazo bila kumpigia magoti mtu wa steshenari. Daftari lake lilikuwa safi kama shuka la hospitali.

"Umeandika nini leo, dada?"

"Nimeandika malengo."

"Malengo ya nani?"

Alifikiri. "Sijui, dada. Ya kompyuta."

Nilimwendea mwalimu kijana, nikamwomba aniwekee somo la marehemu. Alinijibu kwa upole kwamba lilifutwa kwa maelekezo kutoka juu, mashine zote, ili kusiwe na mkanganyiko. Hana nakala. Hakuna mwenye nakala. Nikarudi kwenye kiti. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kule ukumbini, maana pale walikataa kazi yake, na hapa waliifanya isiwepo. Nikavuta kibodi ya yule dada. Somo la mwalimu sikuwa nimelikariri, na hata ningelikariri lisingemfaa mwenye mitumba. Nikafungua ukurasa mtupu. Kwanza niliandika namna ya kurudisha kilichoharibika, halafu namna ya kutoka. Kisha nikaandika tangazo, kwa sauti ya ofisi, kwamba kuanzia wiki ijayo wauzaji wote wa nguo za mitumba watahamishiwa nyuma ya vyoo vya soko, na meza za mbele watapewa wageni watakaokuja. Na kwamba wahusika wenyewe wameomba iwe hivyo.

Dada alikuwa akisoma juu ya bega langu.

"Nani kaomba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nyuma ya vyoo? Mimi? Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mstari unainuliwa hivi," nikamwambia, "unawekwa hivi."

"Samahani, mama," alisema mwalimu kijana akisogea, "lakini hilo halimo kwenye mtaala."

Yule dada hakumsikia. Daftari lilikuwa limeanguka sakafuni na alikuwa amelikanyaga bila kujua. Nimewasomesha wadogo zangu kwa miaka mingi nikidhani kumfundisha mtu ni kumbebea mzigo mpaka afike. Mwanamke mkali wa Iringa, ambaye sasa wanamwita mpole kwa kuwa hawezi kuwajibu, alinionyesha kwamba mtu mzima humfundishi kwa kumbebea, wala kwa kumsifu, wala kwa kumpangia malengo. Unamwekea mbele kitu asichoweza kukivumilia kibaki kilivyo, unamwonyesha njia ya kurudi akikosea, halafu unafanya lile ambalo kamati nzima ilishindwa kulifanya.

"Dada, pisha," aliniambia, akinisukuma kwa kiuno.

Nikampisha.